Uingereza: Nani anashika ufunguo wa Labour? Miaka 45 ya kugombania kiongozi katika mrengo wa kushoto

Tarehe 30 Novemba 2025, katika mji wa Liverpool, wanamemba wa chama kipya cha mrengo wa kushoto cha Uingereza walijibu swali moja: chama kiwe na kiongozi mmoja, au kiongozwe na kamati ya wanamemba wa kawaida? Kamati ilishinda, asilimia 51.6 kwa 48.4.

Chama hicho kinaitwa Your Party, yaani «Chama chenu». Sura zake mbili kubwa wakati huo zilikuwa Jeremy Corbyn, aliyekuwa na miaka 76, aliyewahi kuongoza chama cha Labour, na Zarah Sultana, mbunge aliyekuwa na miaka 32. Corbyn alipendelea kiongozi mmoja. Sultana alitaka uongozi wa pamoja. Siku ya kwanza ya mkutano, Sultana alikataa hata kuingia ukumbini, akipinga kufukuzwa kwa watu waliokuwa pia na kadi ya kundi lingine la kisoshalisti.

Anayetazama toka mbali anaweza kucheka. Chama kilikuwa hakijamaliza hata mwaka mmoja na tayari waanzilishi wake walikuwa hawaelewani juu ya nani akae mbele. Lakini swali la Liverpool si jipya hata kidogo. Ni lilelile ambalo limekitesa chama mama, Labour, toka mwanzo wa miaka ya 1980: nani ana haki ya kumchagua kiongozi? Ni wabunge, wanaofanya naye kazi kila siku? Ni sendika za wafanyakazi, zilizokizaa chama na kukilisha? Au ni mtu yeyote mwenye kadi?

Wasomaji wa Goma, Bukavu au Bunia wana sababu ya kufuata mambo hayo. Chama kinachopigania kiongozi wake huko London, kinapokuwa madarakani, ndicho kinaamua misaada ya Uingereza iende wapi, na Uingereza iseme nini katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Wakati wa Tony Blair, waziri wa misaada Clare Short, aliyekaa kwenye wizara hiyo toka 1997 hadi 2003, alikuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa serikali ya Kigali kati ya wafadhili wa Ulaya. Hiyo ni miaka ileile ya vita vilivyochoma mashariki mwa Kongo. Wakati wa Keir Starmer, mwezi wa pili 2025, baada ya M23 kuingia Goma na kisha Bukavu, serikali ya Labour ilitangaza kusimamisha misaada ya fedha inayopita moja kwa moja kwa serikali ya Rwanda, isipokuwa ile inayowafikia maskini zaidi. Chama ni kimoja, lakini viongozi ni tofauti.

Wabunge peke yao

Labour ilizaliwa mwezi wa pili 1900, wakati sendika na makundi ya kisoshalisti yalipokutana London kutafuta njia ya kuingiza wafanyakazi bungeni. Toka hapo chama kimekuwa na watu wa namna mbili ndani ya nyumba moja: wale wanaoona kazi ya kwanza ni kushinda uchaguzi na kutawala, na wale wanaoona kazi ya kwanza ni kubadilisha jamii hata kama kushinda kutachelewa. Kwa muda mrefu, wabunge peke yao ndio waliochagua kiongozi. Mwanamemba wa kawaida alibandika matangazo, aligonga milango ya wapiga kura, alilipa ada yake, kisha alisoma kwenye gazeti jina la mtu atakayemuongoza.

Novemba 1980 wabunge walichagua kwa namna hiyo mara ya mwisho. Michael Foot, mtu wa mrengo wa kushoto, alimpita Denis Healey kwa kura 139 dhidi ya 129. Miezi miwili baadaye, Januari 1981, mkutano maalumu katika ukumbi wa Wembley ulivunja kanuni hiyo. Toka siku hiyo kura ingegawanywa: asilimia 40 kwa sendika, 30 kwa wabunge na 30 kwa matawi ya chama.

Kesho yake wakubwa wanne wa mrengo wa kulia wa chama, Roy Jenkins, David Owen, Shirley Williams na Bill Rodgers, walitoa tangazo la kwanza la njia yao mpya. Mwezi wa tatu walianzisha chama chao, SDP. Kwao, chama ambacho sendika zina uzito kuliko wabunge hakiwezi kutawala nchi. Septemba mwaka uleule Tony Benn, sauti kubwa ya mrengo wa kushoto, aligombea unaibu wa kiongozi dhidi ya Healey na kushindwa kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja.

Bei ya ugomvi ule ililipwa mwezi wa sita 1983. Labour ilipata asilimia 27.6 ya kura na viti 209; SDP na washirika wake Waliberali walipata asilimia 25.4, na Margaret Thatcher alipita katikati yao bila shida. Katika uchaguzi huohuo wabunge wapya wawili wa Labour waliingia London: Tony Blair, mwanasheria mwenye miaka 30, na Jeremy Corbyn, mtu wa sendika mwenye miaka 34, toka eneo la Islington North. Walikaa upande mmoja wa ukumbi kwa miaka 24, na hawakukubaliana karibu juu ya jambo lolote kubwa.

Waliofuata baada ya Foot walianza kupunguza nguvu za sendika na za mrengo wa kushoto, kidogo kidogo. Neil Kinnock aliwafukuza watu wa kundi la Militant waliokuwa wameshika manispaa ya Liverpool. John Smith, mwaka wa 1993, aligawanya kura katika theluthi tatu na kulazimisha kila mwanasendika apige kura yake mwenyewe, badala ya mkubwa wa sendika kupiga kwa jina la wote. Smith alikufa ghafla Mei 1994. Blair alichukua kiti, mwaka uliofuata akafuta kwenye katiba ya chama kipengele cha zamani kilichotaka mali kubwa za uzalishaji ziwe za umma, na mwaka wa 1997 akashinda viti 418.

Wakati chama kinashinda hivyo, hakuna aliyeuliza sana ufunguo uko kwa nani. Ugomvi ulirudi na vita vya Irak. Machi 2003, wabunge 139 wa Labour waliunga mkono hoja ya kupinga vita dhidi ya serikali yao wenyewe. Corbyn, kama kawaida, alikuwa kati yao. Katika miaka ya Blair na Gordon Brown alipiga kura kinyume na maagizo ya chama zaidi ya mara 400.

Ndugu wawili

Septemba 2010 chama kilishuhudia jambo ambalo familia nyingi zingeficha ndani ya nyumba. Ndugu wawili waligombea uongozi: David Miliband, mkubwa, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, na Ed Miliband, mdogo wake. David aliongoza kati ya wabunge. David aliongoza pia kati ya wanamemba. Lakini katika theluthi ya tatu, ile ya sendika, Ed alimuacha mbali, na hesabu ya mwisho ikampa ushindi wa asilimia 50.65. David alikataa kuingia katika kundi la uongozi la mdogo wake, na mwaka wa 2013 aliacha ubunge akahamia New York.

Toka siku ya kwanza Ed alibeba mzigo wa kuitwa mtu wa sendika. Magazeti hayakumwachilia. Mwaka wa 2013, ugomvi juu ya namna sendika moja kubwa ilivyotafuta kumsimamisha mgombea wake katika eneo la Falkirk, huko Scotland, ulimlazimisha kuonyesha kwamba hapokei amri kwa mtu. Jibu lake lilipitishwa na mkutano maalumu Machi 2014: theluthi zote tatu zifutwe, kila mtu awe na kura moja yenye uzito sawa, na hata asiye mwanamemba aweze kujiandikisha kama mfuasi kwa malipo kidogo. Blair mwenyewe aliisifu hatua hiyo. Watu wa mrengo wa kulia waliona kwamba hatimaye nguvu za sendika zimevunjwa, na kwamba umati mkubwa wa wananchi wa kawaida utachagua watu wa katikati.

Ili wabunge wasipoteze kila kitu, waliachiwa mlango mmoja wa kulinda. Anayetaka kugombea ilibidi kwanza apate sahihi za asilimia 15 ya wabunge wa chama. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 12.5. Kwa maneno mengine, mlango wa nyuma ulifunguliwa kabisa, lakini wa mbele uliongezewa komeo.

Sahihi ya thelathini na sita

Mei 2015 Ed Miliband alishindwa uchaguzi na kujiuzulu. Labour ilibaki na wabunge 232, maana yake mgombea alihitaji sahihi 35. Andy Burnham, Yvette Cooper na Liz Kendall walizipata bila taabu. Mrengo wa kushoto, uliobaki na wabunge wachache tu, ulimsukuma Corbyn, ambaye hakuwa amewahi kushika cheo chochote cha serikali katika miaka 32 ya ubunge.

Hakuwa na sahihi za kutosha. Zilizompitisha alipewa na watu wasiomtaka. Wabunge kadhaa, kati yao aliyekuwa waziri wa mambo ya nje Margaret Beckett, waliweka sahihi zao ili tu mjadala uwe mpana, kila sauti isikike, kisha Corbyn ashindwe kwa heshima. Tarehe 15 Juni, dakika chache kabla ya saa sita za mchana ambapo orodha ilifungwa, alikuwa na 36. Beckett alisema baadaye, bila kujificha, kwamba alifanya upumbavu.

Wakati huo kujiandikisha kama mfuasi kulikuwa pauni 3, bei ya kahawa moja London. Watu walijiandikisha kwa makumi ya maelfu: vijana waliochoka na siasa za kubana matumizi, wazee waliokuwa wamerudisha kadi zao juu ya Irak, wanasendika. Tarehe 12 Septemba 2015 Corbyn alipata asilimia 59.5 katika duru ya kwanza. Burnham alikuwa wa pili na asilimia 19. Kati ya wale wa pauni 3, karibu asilimia 84 walimchagua Corbyn. Kanuni iliyotungwa kuwazuia watu wa mrengo wa kushoto ndiyo iliyowapa chama.

Ni vigumu kupata, katika siasa za nchi za Magharibi za miaka ya karibuni, mfano mwingine wa wakubwa wa chama waliofungua mlango kwa mikono yao wenyewe namna hiyo.

172 kwa 40

Toka hapo Labour ilikuwa na vichwa viwili. Wanamemba walikuwa na kiongozi wao. Wabunge walikuwa na kiongozi wasiyemtaka. Mambo yalipasuka baada ya kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, ambapo Waingereza walichagua kutoka katika Umoja wa Ulaya. Wabunge wengi walimlaumu Corbyn kwamba alipigia debe kubaki kwa moyo nusu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 alimfukuza waziri wake kivuli wa mambo ya nje, Hilary Benn, mtoto wa Tony Benn yule wa 1981. Ndani ya siku chache makumi ya wasemaji wa chama bungeni walijiuzulu mmoja baada ya mwingine. Tarehe 28 Juni wabunge walipiga kura ya kukosa imani: 172 walimkataa, 40 walimuunga mkono.

Katika vyama vingi, kiongozi aliyekataliwa na wabunge wanne kati ya watano hawezi kumaliza wiki. Corbyn alikataa kutoka. Jibu lake lilikuwa fupi: aliwekwa na wanamemba, si na wabunge.

Ugomvi ulihamia kwenye maana ya kanuni. Je, kiongozi aliye kwenye kiti anahitaji tena sahihi za wabunge ili ajitetee? Kama jibu ni ndiyo, Corbyn angekwisha palepale, maana hakuna mbunge ambaye angempa sahihi kwa huruma mara ya pili. Tarehe 12 Julai kamati kuu ya taifa ya chama ilikutana kwa masaa mengi na kuamua, kwa kura 18 dhidi ya 14, kwamba hahitaji. Lakini kamati hiyohiyo iliamua pia kwamba aliyejiunga katika miezi sita ya mwisho hatapiga kura, na kwamba mfuasi alipe pauni 25 badala ya 3. Pande zote mbili zilikimbilia mahakamani, kila mmoja akipinga nusu ya uamuzi isiyompendeza. Mahakama iliacha mambo kama kamati ilivyoyapanga.

Septemba 2016 Corbyn alimshinda Owen Smith kwa asilimia 61.8, zaidi ya mwaka uliotangulia. Wabunge walinyamaza kwa muda.

Juni 2017 walinyamaza zaidi. Theresa May aliitisha uchaguzi wa ghafla akitegemea kuizika Labour, na badala yake alipoteza wingi wake bungeni. Labour ya Corbyn ilipata asilimia 40 ya kura na viti 262. Mwisho wa mwaka huo chama kilikuwa na wanamemba karibu 564,000.

Kilichomuangusha Corbyn baadaye kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni Umoja wa Ulaya: wanamemba wa miji mikubwa walitaka kura ya maoni irudiliwe, wakati wapiga kura wa miji ya zamani ya migodi na viwanda kaskazini walitaka kutoka haraka. Ya pili ni malalamiko juu ya chuki dhidi ya Wayahudi ndani ya chama, na namna uongozi ulivyoyashughulikia. Februari 2019 wabunge saba, kati yao Luciana Berger ambaye ni Myahudi, waliondoka wakitaja mambo hayo. Disemba 2019 Labour ilibaki na viti 202, idadi ndogo kuliko zote toka 1935. Vijiji vya migodi ambavyo havikuwahi kuwachagua Wahafidhina viliwachagua.

Starmer anafunga mlango

Keir Starmer, mwanasheria wa haki za binadamu na aliyekuwa mkuu wa waendesha mashtaka, aligombea akiahidi umoja. Aliwaandikia wanamemba ahadi kumi zilizofanana sana na siasa za Corbyn: kodi zaidi kwa matajiri, ada za chuo kikuu zifutwe, maji na umeme virudi kwa umma. Aprili 2020 alishinda kwa asilimia 56.2. Nyingi kati ya ahadi zile aliziacha mmoja mmoja katika miaka iliyofuata, jambo ambalo mrengo wa kushoto haujamsamehe.

Tarehe 29 Oktoba 2020 tume ya usawa na haki za binadamu ya Uingereza ilitoa ripoti yake: chini ya uongozi uliopita, chama kilivunja sheria katika namna kilivyowatendea Wayahudi. Corbyn alijibu kwamba chuki hiyo ilikuwepo na lazima ipigwe vita, lakini ukubwa wake ulikuzwa sana kwa sababu za kisiasa. Siku ileile alisimamishwa. Wiki tatu baadaye kamati ya nidhamu ilimrudishia kadi, na kesho yake Starmer alimkatalia kukaa na wabunge wa chama. Akawa mwanamemba wa Labour asiye mbunge wa Labour, hali ambayo hata wanasheria wa chama walipata shida kuieleza.

Kisha Starmer alikwenda kwenye kanuni, kama wote waliomtangulia. Septemba 2021, katika mkutano mkuu wa Brighton, alitaka kwanza kurudisha mfumo wa theluthi tatu, sendika zikakataa. Alichopata kilitosha: mgombea sasa atahitaji sahihi za asilimia 20 ya wabunge, na wafuasi wa kulipa pauni chache walifutwa kabisa. Kwa kanuni hiyo Corbyn wa 2015, na sahihi zake 36, asingefika hata kwenye karatasi ya kura. Machi 2023 kamati kuu ilimkataza kugombea tena kwa jina la chama, kwa kura 22 dhidi ya 12.

Wafuasi wa Starmer huonyesha matokeo: Julai 2024, viti 411 na funguo za serikali. Wapinzani wake huonyesha hesabu nyingine. Corbyn alipata kura milioni 12.9 mwaka wa 2017 na akashindwa, milioni 10.3 mwaka wa 2019 na akaitwa janga. Starmer alipata milioni 9.7, asilimia 33.7, na akashinda kwa kishindo. Siri iko kwenye mfumo wa uchaguzi: katika kila eneo wa kwanza anachukua kiti, hata kama amepata theluthi tu ya kura, na mwaka huo mrengo wa kulia ulikuwa umegawanyika kati ya Wahafidhina na chama cha Nigel Farage. Hesabu zote mbili ni za kweli. Lakini uchaguzi unahesabiwa kwa viti, na hilo mrengo wa kushoto hulisahau haraka.

Usiku uleule, Islington North, Corbyn aligombea bila chama. Alipata kura 24,120, mgombea wa Labour 16,873.

Ugomvi wa zamani, anwani mpya

Starmer hakukaa hata wiki tatu madarakani kabla ya kutumia fimbo. Tarehe 23 Julai 2024 wabunge saba wa Labour waliunga mkono hoja ya kufuta kanuni iliyowekwa na Wahafidhina, ambayo ilizuia familia maskini kupata msaada kwa mtoto wa tatu na wanaofuata. Wote saba waliondolewa kwenye kundi la wabunge wa chama. John McDonnell, aliyekuwa mtu wa pesa wa Corbyn, alikuwa kati yao. Zarah Sultana pia.

Tarehe 3 Julai 2025 Sultana alitangaza kwamba anaacha Labour na kwamba ataongoza chama kipya pamoja na Corbyn. Corbyn alikaa kimya hadi kesho yake, kisha akasema mazungumzo yanaendelea. Watu waliomfahamu walielewa kwamba hakuwa amekubali tarehe ile. Hata hivyo, tovuti ilipofunguliwa mwishoni mwa mwezi huo, waanzilishi walisema watu zaidi ya 600,000 walijiandikisha ndani ya siku chache kuonyesha kwamba wanavutiwa.

Septemba mambo yaliharibika mbele ya macho ya wote. Sultana alifungua mfumo wa kulipia kadi. Masaa machache baadaye Corbyn na wabunge wanne wasio na chama waliokuwa pamoja naye waliwaandikia watu wasilipe, na waliolipa wazuie pesa zao benki. Sultana alijibu kwamba ametengwa na kundi la wanaume, na akataja wanasheria. Walipatana baada ya siku chache, lakini Novemba wabunge wawili kati ya wale wanne, Adnan Hussain na Iqbal Mohamed, walijitoa. Hadi mkutano wa Liverpool, wenye kadi zilizolipiwa walikuwa zaidi kidogo ya 50,000. Wengine wengi walikuwa wameshapata mahali pengine: chama cha Kijani, kilichomchagua Zack Polanski mwezi wa tisa kwa zaidi ya asilimia 80, kilikuwa kimepita wanamemba 150,000. Polanski hakuwahi kuongoza Labour, hana deni la 2016 wala la 2019.

Ndani ya Labour kwenyewe, komeo la asilimia 20 linafanya kazi yake. Naibu kiongozi Angela Rayner alipojiuzulu Septemba 2025, mgombea wa mrengo wa kushoto, Bell Ribeiro-Addy, hakufika hata karibu na sahihi 80 zilizohitajika. Walibaki wawili, Lucy Powell na waziri wa elimu Bridget Phillipson. Powell, ambaye Starmer alikuwa amemtoa serikalini mwezi uleule, alishinda kwa asilimia 54. Kura zilizopigwa ni za watu wasiofika hata mmoja kati ya watano walioruhusiwa. Wanamemba wenyewe walikuwa wamepungua hadi karibu 333,000 mwishoni mwa 2024.

Kuhusu wale wabunge saba wa Julai 2024, wanne walirudishwa Februari 2025, na McDonnell na Apsana Begum Septemba. Aliyebaki nje ni Sultana peke yake. Tarehe 26 Novemba 2025 waziri wa fedha Rachel Reeves alisimama bungeni na kutangaza kwamba kanuni ya watoto wawili itafutwa toka Aprili 2026. Zilikuwa zimebaki siku tatu mkutano wa Liverpool ufunguliwe.